Barua ya Mjomba kutoka Kiomboi

Kiomboi, Iramba
Julai

Mpwa wangu,

Mimi mzima, ni baridi tu inayonisumbua. Huku juu Iramba kipupwe cha Julai hakina mzaha; asubuhi watu wanapita wamejitanda mashuka juu ya makoti, na aliyetoka Dar es Salaam anajulikana papo hapo kwa jinsi anavyong'ang'ania kikombe cha chai. Mama yako nimemwandikia mbali, mambo ya ukoo atakusimulia mwenyewe. Dhumuni la barua hii ni lile swali ulilonitumia siku matokeo ya kidato cha sita yalipotoka: ukasome TEHAMA miaka mitatu, au utafute mtu wa kukushika mkono uingie kazini moja kwa moja, kwa kuwa mjini, ulisema, ni koneksheni, na vyeti vimejaa makabatini. Swali lako ni zito, halikufaa kujibiwa kwa simu ndani ya mwendokasi. Sasa nina utulivu, na mifano ninayo mbele ya macho.

Nilipanda treni ya SGR hadi Dodoma, nikalala kwa rafiki, kesho yake nikachukua basi la Singida kupitia Bahi, Manyoni na Ikungi. Ukikaribia Singida mjini unaanza kuona mawe makubwa yamebebana bila kuanguka, na mji wenyewe umekaa kando ya maziwa ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Kutoka hapo tukashika barabara ya Nzega na Mwanza, tukapita Iguguno, na tulipofika Misigiri tukaiacha barabara kuu tukakunja kuelekea Kiomboi. Ni msimu wa alizeti. Mashambani yamebaki mabua, magunia yamepangwa mbele ya mashine za kukamua, na upepo ukigeuka mji unanukia mashudu. Jioni nakula ugali wa uwele na mlenda, na yule kuku wa Singida unayemsikia kwa wachoma kuku wa Dar, huku yuko kwao.

Nimeitwa na mwalimu niliyesoma naye zamani, ili wakati huu shule zimetulia niwasaidie walimu wenzake wa sekondari kufundisha kompyuta. Darasa letu lina mashine chache kuliko walimu, kwa hiyo wanakaa wawili wawili, mmoja kibodi, mwingine daftari, kisha wanabadilishana. Wanajitahidi sana. Wapo waliopewa somo hilo kwa sababu tu walionekana wanajua kutumia simu vizuri, wakaanza kujisomea usiku ili wawe mbele ya wanafunzi wao kwa sura moja. Nawaheshimu mno.

Lakini jibu la swali lako sikulipata darasani. Nililipata steshenari.

Unazijua steshenari za Mbagala, ila ya mji mdogo ina uzito mwingine. Hii ninayokwambia ina mashine ya fotokopi, printa, kompyuta mbili, na benchi la mbao nje ambalo halikauki watu. Mlangoni imebandikwa karatasi: hapa tunafanya maombi ya mkopo, vyuo, ajira, TIN. Wilaya nzima inapita hapo. Anakuja mkulima aliyeambiwa alipe kwa kontrolo namba na hajui aanzie wapi. Anakuja mwalimu anayetaka kuingiza taarifa zake kwenye mfumo wa ajira. Na mwezi huu wanakuja zaidi vijana wa rika lako, waliomaliza kidato cha sita, kila mmoja na bahasha ya kaki ya vyeti na mzazi nyuma yake.

Anayewahudumia ni binti mdogo tu, hajafika hata umri wa dada yako mkubwa. Nilikwenda kutoa kopi za mazoezi ya walimu, nikajikuta nimekaa mchana kutwa namwangalia anavyofanya kazi. Alikuwa na mama mmoja na mwanawe, wametoka upande wa Ndago. Baba wa kijana amefariki. Fomu ya mkopo ilikwishasainiwa na serikali ya kijiji, ikagongwa muhuri na wakili, cheti cha kifo kipo, cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa RITA. Kila kitu tayari, na foleni nyuma yao ndefu. Binti akaskani karatasi moja moja, akazipa majina mafaili yake vizuri, kisha kabla ya kutuma akafungua vyeti viwili akaviweka kimoja upande wa kulia kimoja upande wa kushoto wa kioo. Akanyamaza. Halafu akamwambia yule mama kwa upole: "Mama, hapa jina la ukoo lina herufi moja imezidi. Cha kuzaliwa kinasema hivi, cha kidato cha nne kinasema hivi. Tukituma hivihivi mtahangaika baadaye. Mwende kwa wakili mkaape kwanza, mimi nitawatunzia kazi yenu, hamtalipa mara mbili."

Mpwa wangu, nimekaa na wataalamu wa mifumo wengi, wenye shahada na wenye safari za ng'ambo. Jicho lile la kusimama kabla ya kubonyeza ni wachache wanalo. Wengi wetu tunafurahi mfumo ukipokea, hatuulizi umepokea nini.

Nilipomsifu akacheka, akavuta chini ya meza kaunta buku iliyochakaa pembe. Ndani amepiga mistari: tarehe, shida, chanzo, nilichofanya. Printa inatoa kurasa nyeupe na wino upo: safisha kichwa cha printa. Faili limekataliwa: skani upya kwa ukubwa mdogo. Mfumo haumtambui mwanafunzi: namba ya mtihani iliandikwa bila mwaka. Kurasa kwa kurasa, kwa mwandiko wa shule. Aliniambia alianza kuandika kwa sababu shida zilikuwa zinajirudia na yeye anasahau. Hakuna aliyemwagiza. Kozi yake ya kompyuta ilikuwa ya miezi michache mjini Singida, baada ya kidato cha nne, na ndiyo elimu yote aliyopata mpaka sasa.

Nikaona jambo jingine, dogo, nalo ndilo limenifanya nikuandikie kwa kirefu. Mteja akifungua akaunti, binti anaiandika nywila kwenye kipande cha karatasi, anamkabidhi mwenyewe, anamwambia akaifiche. Kwenye kaunta buku haiingii hata moja. Nilimuuliza kwa nini asizitunze, maana najua nusu ya wateja watarudi wamezisahau. Akasema: "Zikiwa kwangu, siku mkopo wa mtu ukipotea nitaulizwa mimi. Na mimi mwenyewe nitalala nikiwaza."

Hapo ndipo penye koneksheni unayoitafuta. Kazi yetu hii, mtu akikuita umtengenezee kompyuta, amekukabidhi funguo za nyumba yake. Unaona mshahara wake, madeni yake, majibu ya vipimo vyake, picha za wanawe. Mwenye duka atakuachia mfumo wa mauzo ikiwa tu ana hakika hutaugusa usiku. Mganga mkuu atakuita tena ikiwa siri za wagonjwa hazikutoka nje na wewe. Kwa hiyo anayekuajiri anatafuta mtu wa kumwambia: huyu namjua, huyu mkabidhi. Vijana wa mjini wakilisikia hilo wanadhani ni upendeleo, na mara nyingine kweli ni upendeleo, nitalisema hapa chini. Lakini mizizi yake ni hofu ya haki kabisa. Cheti kinasema umefundishwa. Hakisemi kama unaaminika.

Yule binti sasa anajulikana. Mkuu wa shule moja alimwita kwa ajili ya printa, akamrudisha kwa ajili ya matokeo ya wanafunzi. Afisa TEHAMA wa taasisi mojawapo ya umma humtuma kwake mtu mwenye shida ndogo ndogo, na mwaka huu amemwambia akiomba stashahada atamwandikia barua ya kumtambulisha. Hakuwahi kumwomba mtu amshike mkono. Walioona kazi yake ndio waliomsogelea.

Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliyeandika mwaka 1973 makala ambayo bado inasomwa na watu wanaochunguza ajira. Aliwahoji watu wa mji wa Newton, Massachusetts, waliopata kazi mpya kupitia mtu wanayemfahamu, akawauliza walikuwa wanaonana na mtu huyo mara ngapi. Ungetegemea waseme ndugu na marafiki wa kila siku. Wapi! Waliosema wanaonana naye mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu. Wengi, asilimia 55.6, walisema mara chache chache, na asilimia 27.8 walisema kwa nadra sana. Sababu yake ukiitazama haina uchawi: watu wako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe, nafasi iliyopita masikioni mwao imekwishapita kwako. Aliyeko mbali kidogo anasikia ya kwingine. Wahenga walituambia fimbo ya mbali haiui nyoka, na kwa nyoka ni kweli kabisa, ila kwa kazi mambo yamekaa kinyume. Mimi mjomba wako, pamoja na mapenzi yangu yote, huenda nisikufae kama atakavyokufaa mwalimu aliyekufundisha muhula mmoja, au mwenye duka uliyemwokolea mafaili yake siku moja tu.

Basi usije ukasoma haya ukasema mjomba ameniambia nisiende chuo. La hasha. Nataka uende, na nataka usome kwa bidii kuliko wenzako wanaotegemea wajomba zao.

Yule binti nilimwonyesha jioni moja jinsi hifadhidata inavyofanya kazi: kwa nini jina la mtu liandikwe mahali pamoja tu, na penginepo pote paelekezwe huko. Alishika kichwa. "Kumbe ndiyo maana majina yanagongana," alisema, "kila ofisi imeandika lake." Miaka yote alikuwa anatibu homa bila kuujua ugonjwa. Chuo ndicho kinachokupa hilo, sababu iliyo chini ya shida. Kaunta buku ile itamfikisha mahali, kisha itaishiwa nguvu, na yeye anajua. Ndiyo maana anaomba stashahada. Kijana mwenzake mmoja, fundi simu wa karibu na stendi, mikono yake ni mepesi ajabu kwenye blowa na waya wa risasi, anabadilisha chipu ndogo kuliko punje ya uwele. Amejifunza kwa video alizopakua kwa bando la usiku. Lakini saketi hajui kuisoma kwa hesabu, na Kiingereza cha maelezo kinampiga chenga, kwa hiyo simu ya toleo jipya ikija anasubiri mpaka mtu mwingine huko duniani aweke video. Inaniuma, kwa sababu kipaji hakimpungui. Mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi maelekezo. Wakati ule tuliamini kwamba baada ya miaka ishirini fundi kama huyu atakuwa na rafu nzima ya vitabu vya ufundi kwa lugha yake. Rafu hiyo haijajaa, na kizazi chako kina kazi hapo.

Nikupe mfano wa njia niipendayo, ambayo elimu, uzoefu na watu vimesokotwa pamoja tangu mwanzo. Kila zahanati nchini, hata zilizo bondeni huku, hujaza vitabu vya MTUHA: wangapi wametibiwa malaria, watoto wangapi wamechanjwa, akina mama wangapi wamejifungua. Takwimu hizo zinaingia kwenye mfumo uitwao DHIS2. Chimbuko lake ni Afrika Kusini miaka ya 1990, ubaguzi wa rangi ulipoanguka na nchi ikahitaji kuhesabu afya ya watu wake wote kwa kipimo kimoja. Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ndicho kinachoiongoza kazi hiyo, na programu yenyewe ni huria, mtu yeyote anaweza kuuona msimbo wake. Wasomi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wameshiriki tangu miaka ya mwanzo ya 2000, na kufikia mwisho wa 2013 mfumo ulikuwa umesambazwa nchi nzima. Haukusambaa wenyewe. Ilibidi watu waende wilayani, wakae na makarani, waone kitabu kinavyojazwa kwa kalamu usiku umeme ukiwa haupo, warudi kurekebisha fomu. Aliyeshiriki kazi ya namna hiyo ametoka na msimbo kichwani, vumbi la wilaya miguuni, na watu wanaomfahamu kuanzia zahanati hadi Oslo. Ukifika chuoni, tafuta mwalimu mwenye kazi inayotoka nje ya lango, umwombe akutume hata kubeba nyaya.

Nchi hii imewahi kuonja ubaya wa kuwa na mashine bila watu wake. Kompyuta ya kwanza ya serikali, ICT 1500, ilifungwa Hazina mwaka 1965. Wazalendo wenye ujuzi walihesabika kwa vidole, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali. Ilichukua miaka mingi marufuku ile kulegezwa. Leo GePG, mfumo unaotoa zile kontrolo namba, ulioanza kutumika mwaka 2017, umejengwa na wataalamu wa Kitanzania wa Wizara ya Fedha. Ukimwona mkulima wa Shelui anapokea ujumbe wa malipo kwenye simu ya tochi, ujue kuna vijana waliokuwa kama wewe walioketi Dodoma na Dar wakaandika mistari inayomfikia. Najivunia hilo bila aibu.

Sasa upande mchungu. Upendeleo upo, sitakuficha. Kuna ofisi tangazo linatoka jina likiwa limekwishajulikana. Kuna matangazo yanayomtaka mhitimu wa jana awe na uzoefu wa miaka mitatu. Na mtoto wa Kiomboi anaumia kuliko wewe wa Mbagala, kwa sababu hata mafunzo kwa vitendo, ile field ya wiki nane, kampuni zinazopokea wanafunzi zimejazana Dar, Arusha na Dodoma. Anayetoka huku lazima apate chumba, nauli na chakula mjini kwa kipindi ambacho halipwi. Mwenye shangazi Kinondoni anakwenda, asiye naye anagongesha muhuri mahali popote ili mradi ripoti ijae. Yule binti aliniambia kazi nyingi za kompyuta zinazolipa hapa zinafanyika jioni, mtandao unapokuwa mwepesi, na mama yake hamruhusu kubaki dukani gizani. Sikuwa na la kumjibu, mama yake yuko sahihi. Kwa maoni yangu kila halmashauri ingetengewa nafasi za wanafunzi wa TEHAMA na posho ya chumba. Kazi huku hazikosekani: mashine za ushuru za getini, mifumo ya mapato, hospitali, shule. Wanafunzi wangejifunza kwa mwezi mmoja zaidi ya wanavyojifunza wakiwaletea watu chai kwenye ghorofa za mjini. TaESA, wale wa huduma za ajira, wanaendesha mafunzo ya vitendo kwa wahitimu, na hilo ni jema. Utakapohitimu ujiandikishe mapema. Ila mwanafunzi wa mwaka wa pili naye anahitaji mlango.

Pia si kila mlango wa TEHAMA una chumba nyuma yake. Uliniambia kuna kazi za mtandaoni za kuweka alama kwenye picha na maandishi ili kufundishia akili mnemba, na kwamba rafiki zako wamezichangamkia. Sikukatazi, pesa ya bando inahitajika. Lakini kumbuka yaliyowapata vijana wa Nairobi. Januari 2023 jarida la Time liliandika juu ya wafanyakazi wa kampuni ya Sama waliokuwa wakisoma maandishi ya ukatili na udhalilishaji ili kuisaidia OpenAI kuchuja lugha ya ChatGPT, kwa malipo yasiyofika dola 2 kwa saa. Walikuwa kwenye teknolojia mpya kuliko zote duniani, na jioni walirudi nyumbani na picha mbaya kichwani bila ujuzi wa kumwonyesha mwajiri anayefuata. Kabla ya kuingia kazi yoyote, jiulize mwaka ukiisha utakuwa unajua nini na nani atakuwa amekuona ukikifanya. Majibu yote mawili yakiwa sifuri, chukua ujira wako uondoke mapema.

Na hiyo akili mnemba, je, itazila kazi zako? Nimefundisha walimu kuitumia wiki hii. Inaandika msimbo wa mwanzo vizuri, haraka kuliko mimi. Nilijaribu kuiuliza kuhusu zile fomu za mkopo, ikajibu kwa ufasaha mkubwa na kukosea utaratibu wa kuhakiki vyeti. Yule binti aligundua mara moja, mimi sikuwa nimeona. Ndiyo kusema kazi ya kuandika kilichokwishaandikwa na wengine itapungua bei, na kazi ya kujua kipi ni kweli mahali fulani kwa watu fulani itapanda. Jiandae kwa hiyo ya pili.

Nilikwenda na yule mwalimu mwenyeji wangu hadi ukingoni mwa mlima Sekenke, pale barabara inapoporomoka kuelekea Shelui na mbuga ya Wembere inafunguka chini. Dhahabu ya Sekenke iligunduliwa wakati wa utawala wa Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia Wajerumani bahari na sarafu zikakosekana, mwaka 1916 dhahabu ya hapa ilipelekwa Tabora, na mafundi wa karakana ya reli wakafua sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Watu waliozoea mabehewa na boila wakatengeneza fedha ya nchi, kwa vifaa walivyokuwa navyo. Nilisimama pale nikamwaza yule fundi simu na blowa yake. Ningependa kuona atakachotengeneza akipewa miaka miwili ya chuo kizuri.

Haya, sasa ya kwako. Mchepuo wako wa EGM una hisabati, na hisabati ndiyo itakayokufungulia njia. Soma mwongozo wa TCU sentensi kwa sentensi, kila programu na masharti yake. Usisikilize ya vijiweni. Ningependa uanze na Chuo Kikuu cha Dodoma, chuo chake cha TEHAMA ni kikubwa, na maisha ya Dodoma hayajawa ghali kama Dar. DIT nayo iandike kwenye chaguo zako, wana mkono wa ufundi kweli. Kusubiri mpaka Oktoba usikubali. Yule baba wa duka la dawa hapo mtaani kwenu analalamika kila siku kuhusu mfumo wake wa mauzo. Nenda kamsalimie, mwombe umwangalizie stoo yake jioni, umsikilize kwanza wiki nzima kabla hujagusa kitu. Nunua kaunta buku. Nywila yake usiiandike humo.

Dirisha la mkopo linaendelea. Kahakiki cheti cha kuzaliwa RITA wiki hii hii, na ukilinganishe na cha kidato cha nne herufi kwa herufi, maana jina la babu yako mzaa baba nakumbuka liliandikwa namna mbili. Ukiona tofauti, mwambie mama yako akupeleke kwa wakili, gharama nitarudisha. Fomu ikishasainiwa serikali ya mtaa nipigie picha kila ukurasa unitumie kabla hujaituma.

Jumamosi nitawatumia asali kwa basi la Dar, dumu la lita tano, kondakta nitampa namba ya mama yako. Msalimie sana bibi, mwambie magoti yangu yanaendelea vizuri licha ya baridi.

Ni mimi mjomba wako.